Bajeti Sita na Mkarafuu Mmoja

Anayepanda mkarafuu mwaka huu huko Mkuyuni, kwenye Milima ya Uluguru mkoani Morogoro, hatarajii kuchuma kabla ya miaka 6 au 8. Hadi siku hiyo bajeti zisizopungua 6 zitakuwa zimesomwa Dodoma, na uchaguzi mkuu utakuwa umepita walau mara moja. Mwenye hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam akisikia tetesi mbaya, anaweza kuuza na kuondoka. Mkarafuu hauondoki. Umesimama mlimani ukidai palizi kila msimu, na mwenye madaraka anaufikia anavyotaka: kwa ushuru, kwa bei elekezi, kwa amri ya nani anunue na nani asinunue. Tukizungumzia uwekezaji na hatari za kisiasa tumezoea kutaja migodi na viwanda. Mimi nadhani tuanze na huyu mkulima, maana yeye ndiye asiye na pa kukimbilia.

Waluguru, wenyeji wa milima hii, walikuwa na kinga yao kabla serikali yoyote haijafika. Ardhi ni ya lukolo, ukoo unaofuata upande wa mama, na mtu hupewa sehemu ya kulima. Mahindi na mpunga havileti ugomvi, kwa kuwa vikivunwa shamba linarudi. Mti wa kudumu ni habari nyingine. Aliyeupanda ana haki juu yake hata kama udongo si wake, na haki hiyo hudumu miongo. Ndiyo maana aliyeazimwa shamba hukatazwa kupanda miti, na mwanamume anayelima kwa wakwe hufikiri sana kabla ya kuweka jasho lake katika mti ambao ndugu zake wa tumbo moja hawatakuja kuurithi. Utaratibu huu umeilinda ardhi isipotee mikononi mwa wageni. Gharama yake ni miti ambayo haikupandwa kamwe.

Serikali ya Waingereza haikuyatazama hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilileta mpango wa kuokoa udongo wa Uluguru na kuwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Yalikuwa matuta yasiyo na zao jipya wala malipo, na mara nyingi udongo wa chini usio na rutuba uliletwa juu. Wengi walihofu pia kwamba shamba likishatengenezwa, Mzungu atalichukua. Julai 1955, Matombo, jirani na Mkuyuni, watu walikusanyika kupinga, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Mpango ukafa. Maofisa walisema wananchi ni wabishi. Ninavyoona mimi, wananchi hao walipiga hesabu sahihi kabisa: walitakiwa kuwekeza nguvu zao mahali ambapo faida haikuonekana na mwenye kuipata hakujulikana.

Machakos, Kenya, inathibitisha hilo. Wakamba wa huko nao hawakuwa watu wa kuburuzwa. Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliwaongoza hadi Nairobi kupinga kupunguzwa kwa mifugo yao kwa nguvu, na matuta ya kulazimishwa waliyachukia vilevile. Kuanzia miaka ya 1950 waliporuhusiwa kulima kahawa, na soko la Nairobi likawa karibu, watu hao hao walichimba matuta ya fanya juu kwa hiari na kwa fedha zao. Utafiti wa Mary Tiffen na wenzake, uliochapishwa mwaka 1994, ulionyesha kuwa idadi ya watu iliongezeka huku mmomonyoko ukipungua. Kilichobadilika ni nani alikula matunda ya jembe. Hata Uluguru yenyewe imeliona jambo hilo: kama miaka 50 baada ya Matombo, mashirika ya CARE na WWF yalianzisha Kibungo Juu mpango wa kuwalipa wakulima wanaohifadhi udongo kwenye vyanzo vya Mto Ruvu, ili maji yafike Dar es Salaam yakiwa safi. Safari hii matuta yalichimbwa bila bunduki.

Turudi kwenye karafuu, tuvuke bahari. Zanzibar mti huu umekuwa mali ya siasa tangu Seyyid Said alipoamuru kila mnazi upandiwe mikarafuu mitatu. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ilikipa Chama cha Wakulima wa Karafuu udhibiti wa ununuzi. Wafanyabiashara wa India wakasusa, na mwaka 1938 serikali ikalazimika kupatana nao. Baada ya Mapinduzi, shirika la serikali la biashara, ZSTC, ndilo likawa mnunuzi pekee. Kwa miaka mingi mkulima wa Pemba alipewa sehemu ndogo tu ya bei ya nje, na magendo ya usiku kwenda Mombasa yakawa soko la pili. Mwaka 2011 serikali iliahidi kumpa mkulima asilimia 80 ya bei ya dunia, na kwa miaka kadhaa kilo ya daraja la kwanza ilinunuliwa kwa Sh 14,000. Nimesikia watu wa bara wakiitamani bei hiyo isiyoyumba, na siwalaumu. Lakini Mpemba anajua kwamba mkono uliopandisha bei ni ule ule ulioishusha.

Indonesia ilikwenda mbali zaidi. Nchi hiyo hutia karafuu kwenye sigara zake, na zamani ilikuwa mteja mkubwa wa Zanzibar, hadi serikali yake ilipohimiza wananchi wapande zao wenyewe. Ilipojitosheleza katika miaka ya 1980, bei ya Pemba ikaporomoka. Kisha mwaka 1990 ununuzi wa karafuu ukakabidhiwa bodi iliyoongozwa na Tommy Suharto, mtoto wa rais wa wakati huo. Maghala yakajaa, wakulima wakashauriwa kupunguza mazao, miti ikaachwa bila matunzo au ikakatwa. Bodi ilivunjwa mwaka 1998 kwa shinikizo la Shirika la Fedha la Kimataifa. Mti uliokatwa haukurudi kwa bodi kuvunjwa.

Mkuyuni haina mnunuzi mmoja. Wanaopanda barabara ya Bigwa kununua ni wafanyabiashara binafsi, na mkulima mwenye shida ya ada ya shule huuza karafuu zikiwa bado mtini, kwa bei ya mnunuzi. Uhuru huo ni mwembamba, ila naupendelea kuliko kauli ya mtu mmoja. Halmashauri inayogawa miche ingeongeza karatasi moja: ushuru utakuwa kiasi gani hadi mti uzae, na kwamba soko halitafungwa kabla ya hapo.

Kuna sera nyingine ambayo haitajwi kwenye mikutano ya karafuu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu hati ya hakimiliki ya kimila. Uluguru swali ni jina litakaloandikwa. Likiandikwa la mume peke yake, mwanamke aliyepewa shamba na lukolo ya mama yake atakuwa ameweka mikarafuu yake kwenye ardhi ya mtu mwingine, na wajomba zake hawatakuwa na pa kumdaia. Halmashauri ya kijiji iulize shamba limetoka upande gani kabla ya kuandika chochote.