Mhunzi wa Mampong na Wakulima wa Kakao

Katika vitabu vya shule jina la Tetteh Quarshie huandikwa kwa mstari mmoja au miwili tu: ya kwamba yeye ndiye aliyeleta mbegu za kakao katika Gold Coast, nchi ambayo tangu mwaka 1957 yaitwa Ghana. Habari hiyo ni ya kweli, lakini ni fupi mno, nayo humfanya msomaji adhani kwamba taifa zima lilitajirika kwa mbegu za mtu mmoja. Basi nataka kuieleza kwa urefu kidogo, maana mbegu silo jambo kubwa katika habari hii.

Quarshie alizaliwa mwaka 1842 katika kabila la Waga, pwani karibu na Accra. Alijifunza uhunzi katika karakana ya Misheni ya Basel, ambayo ilikuwa na desturi ya kuwafundisha watu kazi za mikono pamoja na kusoma. Mwaka 1870 alivuka bahari akaenda kisiwa cha Fernando Po, kiitwacho Bioko siku hizi, ambacho kilitawaliwa na Wahispania. Huko aliyaona mashamba ya kakao. Alirudi kwao mwaka 1876 akiwa na mbegu, na mwaka 1879 akazipanda Mampong katika milima ya Akuapem. Miti yake ikazaa, na majirani wakapata kwake mbegu na miche.

Walakini hakuwa wa kwanza kujaribu. Wamisionari wa Basel walikwisha kupanda kakao huko Akropong katika mwaka 1857, na sehemu kubwa ya miche yao ilikufa. Baadaye Gavana Griffith naye aliagiza mbegu kutoka kisiwa cha São Tomé, na bustani ya Serikali iliyofunguliwa Aburi mwaka 1890 ikawagawia watu miche. Kwa hiyo mbegu zilipatikana kwa njia zaidi ya moja. Swali ni hili: mkulima wa kawaida aliwezaje kuutunza mti ambao haumpi kitu kwa miaka minne au mitano ya kwanza?

Wasomaji wa Kyela na wa Bundibugyo wanaujua mti huu. Hupenda udongo wa msitu na kivuli, na matunda yake huota katika shina lenyewe. Wakulima wa Akuapem walipanda ndizi na magimbi katikati ya miche. Migomba ikaipa miche kivuli, na jamaa wakapata chakula, na kilichozidi kikauzwa sokoni. Wakati wa mavuno matunda hupasuliwa, punje zikarundikwa na kufunikwa kwa majani ya migomba siku kama sita hata zichachuke, kisha huanikwa juani. Bila kuchachuka punje hazina ile ladha itakiwayo na watengenezaji wa chokoleti.

Jambo lililobaki ni ardhi, na hapo ndipo nionapo akili kubwa kuliko zote. Milima ya Akuapem ilikuwa imejaa watu. Lakini ng'ambo ya mto Densu, upande wa magharibi, palikuwa na msitu mkubwa wa Akyem Abuakwa wenye watu wachache, na machifu wake walikuwa tayari kuuza. Watu wa Akuapem walikuwa na akiba ya fedha walizozipata kwa biashara ya mawese na ya mpira. Mtu mmoja peke yake hakuweza kununua msitu, basi wakaungana. Watu ambao si wa ukoo mmoja walifanya shirika, ambalo wenyewe waliliita kampuni, wakamchagua kiongozi wa kuzungumza na chifu. Eneo lilipokwisha kununuliwa, walilipima kwa kamba upande mmoja, kila mtu akakatiwa ukanda kwa kadiri ya fedha alizotoa. Aliyetoa nyingi akapata ukanda mpana, aliyetoa chache mwembamba. Desturi hii haikuletwa na Mzungu. Jirani zao Wakrobo walikuwa wakinunua ardhi kwa mikanda ya namna hiyo tangu kabla ya kakao. Faida ya shamba la kwanza ilinunua msitu wa pili, na wa pili ukanunua wa tatu. Wengine walichanga fedha wakajengesha hata madaraja.

Mambo haya yalisahauliwa na waandishi kwa muda mrefu. Maofisa wengi walidhani kwamba kakao ililimwa na watu wadogo, kila mmoja katika kishamba kilicho nyuma ya nyumba yake. Bibi Polly Hill, Mwingereza, ndiye aliyezunguka vijijini akiwauliza wazee na kuchunguza ramani za mashamba, akatoa kitabu chake mwaka 1963, akaonyesha kwamba wakulima hawa walikuwa wafanya biashara hasa, watu wa kutazama mbele miaka mingi.

Sisemi kwamba yote yalikuwa mema. Machifu waliuza ardhi ambayo wajukuu wao wangeihitaji, na kesi za mipaka zikawa nyingi. Mashamba yalipokuwa makubwa waliajiriwa vibarua, ambao wengi walipewa theluthi ya mavuno. Desturi hiyo huitwa abusa. Na kabla ya malori kufika, kakao ilichukuliwa kichwani, au ilitiwa katika mapipa makubwa yaliyosukumwa na vijana njiani mpaka kwenye bandari au stesheni ya reli. Jasho lao halimo katika hesabu za Serikali.

Hesabu zenyewe ni za ajabu. Mwaka 1891 ziliandikwa ratili 80 za kakao zilizopelekwa ng'ambo, mzigo ambao mpagazi mmoja mwenye nguvu aweza kuubeba. Quarshie alikufa mwezi wa Desemba mwaka 1892, asione zaidi. Mwaka 1911 nchi ilipeleka tani karibu 40,000, ikawa ya kwanza duniani.

Lakini mwenye kulima hakuwa mwenye kupanga bei. Mwaka 1937 makampuni makubwa ya Ulaya yalipatana kwa siri yasishindane katika kununua. Habari ikajulikana. Wakulima, wakiungwa mkono na machifu wengi, wakakataa kuuza kakao yao, na pia kununua bidhaa katika maduka ya makampuni yale. Walishikilia hivyo mpaka mwezi wa Aprili 1938, punje zikiwa zimelala ghalani na watoto wakihitaji ada za shule. Tume iliyotumwa kutoka Uingereza ilichunguza, ikaona kwamba mapatano yale hayakufaa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1947, iliundwa Bodi ya Kakao ili inunue mavuno yote kwa bei moja iliyotangazwa mapema. Bei ya ng'ambo ilipopanda, Bodi iliweka akiba kubwa na kumlipa mkulima chini ya bei ile. Na wakulima, ambao walikwisha kuyashinda makampuni, wakaanza kuteta na Bodi.