Mama wa Kilwa na Dhahabu ya Lisbon: Siku Moja, Gari Moja, Deni la Miaka 500

Binti alikuwa amepanga kila kitu. Saa tatu asubuhi gari hotelini, kisha ngome ya São Jorge, kisha ile tramu ya njano inayopita vichochoroni, chakula cha mchana, alasiri Belém, jioni uwanja wa ndege. Alilipia mwongoza watalii wa kwao peke yao, si yale makundi ya watu arobaini wanaofuata mwavuli, maana mama yake ni mtu mzima, magoti yanamsumbua, na Lisbon ni mji wa vilima. Mawe yake ya kando ya barabara yanateleza hata siku ya jua kali.

Aliyeivuruga ratiba ni mama mwenyewe. Mwalimu mstaafu wa historia, kafundisha sekondari kule Kilwa mpaka nywele zikageuka mvi. Akaingia garini, akafunga mkanda, akasema yeye ana shida moja tu Lisbon nzima.

"Hiyo minara na hizo keki nendeni nyie. Mimi nataka kuiona dhahabu yetu."

Binti akacheka akidhani ni utani. Mwongozaji hakucheka. Alikuwa kijana wa Msumbiji, mzaliwa wa Cabo Delgado, kule kaskazini ambako Kiswahili kinavuka mto Ruvuma bila pasi. Asubuhi ile alishawashangaza kwa kusema "Shikamoo mama" pale mlangoni mwa hoteli, akajibiwa marahaba kwa furaha. Sasa akageuka nyuma, akamtazama yule mama vizuri. "Ile ya Quiloa?" akauliza. "Hiyohiyo, baba." Basi, ratiba ikafa palepale.

Makumbusho yanafunguliwa saa nne, kwa hiyo walipata muda wa kupanda ngomeni. Pale hakuna mengi ya kusimulia zaidi ya upepo na mandhari ya mto Tagus. Ngome ilikuwa ya Waislamu mpaka mwaka 1147, mfalme wa kwanza wa Ureno alipoiteka kwa msaada wa wapiganaji wa msalaba waliokuwa njiani kwenda Nchi Takatifu. Chini yake kuna mtaa wa Alfama, jina la Kiarabu lenye maana ya chemchemi ya maji moto. Mama alipoambiwa hivyo akatikisa kichwa, akasema "hamamu", na mwongozaji akakubali kwamba ni ukoo mmoja.

Mchezo wa maneno ukaanzia hapo, na ulikuwa mtamu kuliko ngome. Mkahawani kijana aliomba "mesa" ya watu watatu. Mama akasema meza. Kitambaa cha mkononi ni "lenço", ndiyo leso. Bendera kule juu ni "bandeira". Foronya ya mto ni "fronha". Divai ni "vinho", na Waswahili wakapata mvinyo, ingawa mama alisema hilo neno yeye analijua kwa kulisoma tu. Kisha wakapita mbele ya kanisa, na mwongozaji akasema "igreja". Mama akasimama. Neno hilo ndilo lililozaa gereza. Na pale Kilwa Kisiwani, ile ngome ya ufukweni ambayo kila mgeni hupigia picha, wenyeji wanaiita Gereza. Neno liliondoka huku likiwa nyumba ya sala, likafika kule likawa boma la kufungia watu. Mwalimu wa historia akipewa kitu kama hicho hahitaji tena somo.

Mji wa chini, Baixa, walipita ndani ya gari. Ni mitaa iliyonyooka kama imepigwa rula, na sababu yake ni tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755. Ilikuwa asubuhi ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wamejaa makanisani na mishumaa imewashwa. Ardhi ikatikisika, mto ukarudi nyuma kisha ukaja na mawimbi, halafu moto ukawaka siku kadhaa. Walikufa maelfu kwa maelfu. Jumba la mfalme la kando ya mto likaangamia pamoja na maktaba yake. Waziri aliyeujenga mji upya, Marquês de Pombal, aliagiza majengo yawekwe mifupa ya mbao ndani ya kuta ili yayumbe bila kuanguka. Kwa safari hii kilichohusu zaidi ni kile ambacho tetemeko halikukimaliza: monasteri ya Jerónimos kule Belém, kilomita kama sita magharibi, ilibaki imesimama. Na dhahabu ya Kilwa wakati huo ilikuwa huko.

Sasa, kwa asiyejua hiyo dhahabu ni ipi, hadithi yenyewe ni hii.

Kilwa ya karne ya 14 na 15 haikuwa kijiji cha wavuvi. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akaisifu kuwa miongoni mwa miji mizuri aliyoiona. Utajiri wake ulitokana na dhahabu iliyochimbwa bara, kwenye nyanda za juu za Zimbabwe, ikateremshwa mpaka Sofala, na Kilwa ndiyo ilikuwa na sauti kwenye biashara hiyo. Ilipiga mpaka sarafu zake yenyewe. Vasco da Gama katika safari ya kwanza, iliyoondoka Belém Julai 1497, aliipita Kilwa bila kutia nanga, akaenda Mombasa akapokewa vibaya, akaenda Malindi akapokewa vizuri na kupewa rubani wa kumvusha mpaka India. Hiyo sehemu watoto wa shule wanaijua.

Isiyozungumzwa sana ni safari ya pili. Mwaka 1502 jamaa alirudi na kundi zima la meli zenye mizinga, na mara hii Kilwa hakuipita. Mtawala wa wakati huo, Amir Ibrahim, akawekewa masharti: ukubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na ulipe kodi ya mithkali 1,500 za dhahabu kila mwaka, au mji unapigwa mizinga. Kwa hesabu ya kawaida ya mithkali, hizo ni zaidi ya kilo sita za dhahabu. Ibrahim akakubali, na kama dhamana akamtoa tajiri mmoja wa mjini, Muhammad Ankoni, akae melini mpaka malipo yafike.

Hapa ndipo mama alipokuwa akiwanyamazisha wanafunzi wake darasani. Kwa mujibu wa masimulizi ya Wareno wenyewe, Ibrahim hakuwa na haraka ya kulipa. Yule tajiri hakumpenda, na mateka akipotea baharini ni mpinzani mmoja amepungua. Ankoni alipoona hakuna anayekuja, akalipa kutoka mfukoni mwake.

Meli zikarudi Lisbon mwaka 1503. Mfalme Manuel wa Kwanza akaamuru dhahabu hiyo itengenezwe monstransi, kile chombo ambacho Wakatoliki huwekea Ekaristi ili waumini waiabudu. Fundi anatajwa kuwa Gil Vicente. Kazi ikaisha mwaka 1506.

Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale yako kwenye mtaa unaoitwa wa Madirisha ya Kijani. Ndani ni kimya. Chombo chenyewe kimefungiwa kwenye kioo, na watu wengi wakiingia hutazama juu, kwa sababu juu ndiko kwenye maajabu: mitume 12 wamepiga magoti kuizunguka sehemu ya kati, njiwa mdogo ananing'inia juu yao, na juu kabisa yuko Mungu Baba. Kila mtume ana sura yake. Rangi za enameli zinang'aa utadhani zimepakwa jana. Katikati ya mguu kuna matufe ya duara, nembo ya yule mfalme, yaani ulimwengu mzima umebeba mbingu na yeye ameshika ulimwengu. Huyo bwana hakuwa mtu wa kujificha.

Mama hakutazama juu. Aliinama taratibu, magoti yakilia, akatafuta kitako. Kwenye ukingo wake kuna maandishi yanayozunguka, yanasema mfalme Manuel aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Hawakuficha, waliandika wenyewe. Akazunguka kioo kizima akifuata herufi kwa kidole hewani, mpaka mlinzi akasogea kuangalia kulikoni. Mwongozaji akamnong'oneza mlinzi kwa Kireno kwamba mama huyu anatoka huko kulikoandikwa. Mlinzi akarudi kwenye kiti chake, akamwacha.

Binti, ambaye mpaka hapo alikuwa akitazama saa, ndiye aliyeuliza swali ambalo kila mtu angeuliza: "Kwa hiyo mama, warudishe?"

Mama hakujibu haraka. Kisha akauliza na yeye: wamrudishie nani? Dhahabu ilichimbwa na watu wa bara ambao majina yao hakuna aliyeyaandika. Kilwa iliipata kwa biashara. Ibrahim aliahidi kitu ambacho hakukilipa. Aliyelipa ni Ankoni. Wareno waliporudi mwaka 1505 chini ya Francisco de Almeida, wakauvamia mji na kuupora, Ibrahim akakimbia, wao wakamweka Ankoni huyohuyo awe sultani. Mwaka uliofuata akauawa. Mwaka 1506, mwaka uleule fundi alipokuwa anamalizia mitume wake 12. Mwaka 1512 Wareno wakaondoka Kilwa, wakaiacha ngome yao, na mji haukupata tena nafasi ile iliyokuwa nayo.

"Wanangu darasani walikuwa wanafikiri hii nimeitunga," akasema. Alitoa simu, akapiga picha nne, zote za kitako. Hata moja haikuwa ya mitume.

Kitu chenyewe nacho kina bahati ya ajabu. Mfalme alikiachia Jerónimos kwenye wosia wake, tetemeko likapita, kisha mwaka 1834 serikali ikafunga nyumba za watawa na mali zao zikachukuliwa. Monstransi ikapelekwa kwenye kiwanda cha kupigia sarafu, ambako vyombo vya dhahabu huenda kuyeyushwa. Fernando wa Pili, mume wa malkia na mpenzi wa sanaa, akaiokoa. Makumbusho imeingia mwaka 1925.

Belém walifika jua limeshapunguza makali. Jerónimos yenyewe ilijengwa kwa sehemu kubwa kwa asilimia 5 ya mapato ya biashara ya viungo na mali nyingine za Afrika na Mashariki, kwa hiyo kila nguzo pale ina harufu ya pilipili. Karibu na mlango limelala kaburi la Vasco da Gama, aliyefia Cochin mwaka 1524 na mabaki yake kuletwa hapo mwaka 1880. Watalii walikuwa wakipiga picha. Mama alisimama dakika moja hivi, akasoma jina, akaweka sawa ushungi wake, akatoka nje bila kusema kitu.

Foleni ya zile keki za krimu ya mayai zinazouzwa hapo tangu mwaka 1837 ilikuwa imeisha, ikawa ndiyo faida pekee ya kuchelewa. Wakala mbili mbili, mama akala tatu. Ule mnara wa Belém waliuona kupitia dirisha la gari wakikimbilia uwanja wa ndege, na binti hakulalamika. Mwongozaji alikataa kulipwa saa ya ziada. Aliomba kitu kimoja: mama akifika nyumbani ampigie picha Gereza ya Kilwa Kisiwani, kwa upande wa baharini, kule meli zilikotia nanga.