Asili ya Neno Mite

Wasikilizaji, katika Kiingereza liko neno dogo, mite, litamkwalo "mait". Mwingereza akisema kitu kimezidi kwa mite moja, maana yake kimezidi chembe tu. Watu wengi hulijua kwa ajili ya habari ya yule mjane maskini aliyetia sarafu mbili katika hazina ya hekalu la Yerusalemu, nao hudhani kwamba mite ilikuwa fedha ya Wayahudi. Sivyo. Wala haikuwa fedha ya Waingereza. Ilikuwa sarafu ya shaba, yenye thamani hafifu kabisa, ya watu wa Flanders, nchi ambayo sehemu yake kubwa sasa imo katika Ubelgiji.

Zamani hizo Waingereza waliuza sufu ya kondoo zao katika miji ya Flanders, basi si ajabu jina la sarafu likavuka bahari. Katika karne ya 14 lilikuwa limekwisha kuzoeleka Uingereza, nalo likatumika katika kukana: sikupi hata mite, kama sisi tusemavyo, sikupi hata ndururu. (Neno hilo hilo ni jina la utitiri, mdudu wa kuku.)

Katika Kiyunani cha Injili sarafu ya mjane huitwa lepton, yaani kitu chembamba. Marko aongeza kwamba mbili zilikuwa sawa na quadrans moja, fedha ya Kirumi. William Tyndale, aliyechapisha Agano Jipya kwa Kiingereza mjini Worms mwaka 1526, aliandika mite, naye alichagua vema. Quadrans maana yake ni robo. Waingereza nao walikuwa na farthing, maana yake robo vile vile, robo ya peni. Kwa muda mrefu watu walikuwa wakiikata peni ya fedha vipande vinne, ndipo Mfalme Edward wa Kwanza akaanza kutoa farthing za mviringo mwaka 1279. Basi mkulima aliyesikia ya kuwa mite mbili ni farthing moja hakuhitaji kuelezwa zaidi. Tafsiri ya mwaka 1611 ikalishika neno hilo hilo. Wafasiri wetu wa Kiswahili walifuata njia ile ile walipoandika senti.

Lakini neno limeharibika kidogo kwa matumizi. Tajiri atoapo sehemu ndogo ya mali yake katika mchango, husema kwa unyenyekevu kwamba ametoa mite ya mjane. Mimi nasema hana haki ya neno hilo. Udogo wa sarafu ni nusu tu ya habari ile. Nusu ya pili ni kwamba mama yule hakubakiwa na kitu. Tena alikuwa nazo mbili! Angaliweza kutoa moja na kubakiza moja, wala hapana mtu ambaye angemlaumu.

Kwetu Afrika Mashariki majina ya sarafu yalishika njia nyingine. Mwaka 1904 Wadachi waliacha kuhesabu pesa 64 katika rupia moja, wakatoa heller 100 badala yake. Heller ilikuwa jina la sarafu ndogo ya kwao, lililotoka katika mji wa Hall. Utawala wao ukaisha na sarafu zao zikaondoka, lakini hela ikawa jina la fedha yo yote, hata iwe maelfu; na pesa, iliyotoka Bara Hindi, ikawa vivyo hivyo. Mite imepoteza shaba yake ikabaki na udogo. Hela imepoteza vyote viwili, shaba na udogo.

Na farthing? Ilikoma kuwa fedha halali mwishoni mwa mwaka 1960, na leo vijana wa Uingereza huiona katika makumbusho. Mite, ambayo hakuna mfalme wao aliyepata kuipiga, wangali wakiitaja.