Ng'ombe wa Nundu na Maziwa ya Machakos

Ng'ombe wa kienyeji wa Ukambani, nchini Kenya, ni zebu mdogo wa Afrika Mashariki. Ana nundu begani, pembe fupi na ngozi inayoning'inia chini ya shingo; rangi yake haina kanuni, awe mweusi, mwekundu au wa madoadoa. Jike mzima huwa na uzito wa kilo 200 hadi 300 hivi, na akikamuliwa hutoa lita moja au mbili kwa siku, ndama akiwa amekwisha kupata fungu lake. Kipimo hicho cha lita ndicho kilichomponza. Maofisa wa mifugo walimlinganisha na ng'ombe wa Ulaya wakamwona hafai, ilhali mwenye zizi alikuwa akipiga hesabu nyingine: maziwa yanayobaki baada ya kutoa gharama ya lishe, maji, dawa na vifo.

Zebu alifika Afrika kutoka Asia ya Kusini. Alikuta ng'ombe wasio na nundu ambao tayari walikuwa wamefugwa barani kwa maelfu ya miaka. Uchunguzi wa chembe za urithi unaonyesha kwamba ng'ombe wa Kiafrika, hata wenye nundu, karibu wote wana asili ya Kiafrika upande wa mama. Kwa hiyo waliopandisha walikuwa zaidi mafahali wa kigeni, na waliozaa walikuwa majike wa hapa. Mchanganyiko huo ulichujwa kwa karne nyingi na jua, kupe na ukame.

Kwa Wakamba, mifugo mingi haikukaa nyumbani mwaka mzima. Ilipelekwa malisho ya mbali yaliyoitwa weu, ambako vijana waliilinda katika kambi zilizoitwa syengo. Ng'ombe wachache wenye ndama walibaki karibu na boma ili watoto wasikose maziwa. Mengine yaligandishwa katika vibuyu. Mfumo huo ulipata pigo kubwa miaka ya 1890: sotoka iliteketeza ng'ombe wa Afrika Mashariki, kisha ukame na njaa vikaiandama nchi mpaka mwisho wa karne. Makundi yaliyokuja kuonekana baadaye yalijengwa upya kutokana na mabaki.

Serikali ya kikoloni ilipochora mipaka ya hifadhi ya Wakamba, sehemu za malisho, zikiwemo za Vilima vya Mua, zilikwenda kwa walowezi. Amri za karantini nazo zilizuia ng'ombe wa Wakamba kutoka nje kuuzwa. Ardhi ikapungua, soko likafungwa, mifugo ikajazana mahali pamoja, na mmomonyoko wa udongo ukafuata. Mwaka 1937 ofisa wa hifadhi ya udongo, Colin Maher, aliandika ripoti nzito kuhusu hali ya Machakos, wilaya ya Ukambani. Lawama iliangukia wingi wa ng'ombe. Ardhi iliyochukuliwa haikutajwa kwa sauti hiyo.

Mwaka 1938 ukaanza mpango wa kupunguza mifugo kwa nguvu. Ng'ombe walihesabiwa, wakatiwa alama, na waliozidi idadi iliyowekwa wakapigwa mnada. Mnunuzi aliyesubiri alikuwa kiwanda kipya cha nyama cha kampuni ya Liebig huko Athi River. Katika hesabu ile ng'ombe alikuwa kilo za nyama ya kopo. Maziwa yake, mbolea ya shamba, ndama wa mwaka ujao na maksai wa kukokota plau havikuwa na safu daftarini. Wakamba walikuwa wamekwisha kuanza kulima kwa plau, na aliyevuta plau hiyo alikuwa zebu huyo huyo.

Upinzani ulikuwa mkali zaidi Ngelani, kwenye vilima vya Iveti, ukiongozwa na Muindi Mbingu na Ukamba Members Association. Mwishoni mwa Julai 1938 maelfu ya Wakamba, wanaume, wanawake na watoto, walikwenda Nairobi kumtaka Gavana Brooke-Popham awasikilize. Walipiga kambi mjini kwa wiki kadhaa. Gavana alikwenda mwenyewe Machakos mwezi Agosti. Muindi Mbingu alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, lakini unyang'anyi ulisitishwa na ng'ombe waliochukuliwa wakarudishwa. Walikuwa hasa askari waliookoa ng'ombe: serikali ilitegemea Wakamba katika jeshi na polisi, na haikutaka kuwaudhi kwa ajili ya zizi.

Mwaka uliofuata, 1939, serikali hiyo hiyo ilianza kuleta Kenya mafahali wa Sahiwal, zebu wa maziwa kutoka Punjab, ili wapandishe majike wa kienyeji. Kituo cha taifa cha Sahiwal kikawekwa Naivasha miaka ya 1960. Kabla ya hapo, kuanzia mpango wa kilimo wa Swynnerton wa 1954, Waafrika waliruhusiwa kufuga kwa wingi ng'ombe wa gredi, yaani wenye damu ya Ulaya, na mbegu zikapatikana kutoka kituo cha Kabete. Kwenye vilima vya Kangundo, Matungulu na Iveti, penye mvua, kahawa na majani ya nepia, gredi walishika vizuri. Huko ushindi wao ni halali.

Mambo hubadilika njia inaposhuka kuelekea Mwala, Yatta na Masinga. Friesian anayekamuliwa hunywa makumi ya lita za maji kila siku, na joto likizidi hupunguza kula, hivyo maziwa hupungua hata kama lishe ipo. Zebu hutoa jasho vizuri zaidi, mwili wake huzalisha joto kidogo, na katika kiangazi huhimili majani makavu. Halafu kuna kupe. Ndigana kali, inayoenezwa na kupe wa kahawia wa masikioni, huua gredi upesi; ndama wa zebu aliyezaliwa penye ugonjwa mara nyingi huugua kidogo na kupona akiwa na kinga. Tofauti hii ilidhihirika miaka ya 1990, huduma za serikali zilipopunguzwa na majosho mengi yakakauka.

Kasoro za zebu nazo ni za kweli. Jike huchelewa kuzaa, wengi wakifikia karibu miaka minne. Wengi hawashushi maziwa ndama asipokuwapo, na ndama akifa, ukamuaji huisha. Maziwa yenyewe yana mafuta mengi kuliko ya Friesian, sifa ambayo bei ya kupimwa kwa lita haiilipi.

Kwa sababu hizo, wafugaji wengi wa maeneo makavu wamechagua nusu damu: mama zebu, baba Sahiwal au ng'ombe wa Ulaya. Uzao wa kwanza huongeza maziwa bila kupoteza uvumilivu wote. Ukipandishwa tena na tena kwa damu ya kigeni, uvumilivu hupungua, na mzunguko unahitaji jike wa kienyeji halisi ili uanze upya. Sahiwal wana kituo na rekodi Naivasha, na Boran, zebu wengine wa Kenya, wana chama cha wafugaji wao tangu 1951. Ukoo wa zebu wa Ukambani bado unatunzwa na mwenye zizi, anayejua jike yupi ni binti wa nani na yupi alikamuliwa kiangazi kizima.