Betri ya sola inaisha kabla ya taarifa ya habari: pima haya kabla hujanunua nyingine

Kila tunapofungua laini za simu kwenye kipindi, kuna swali ambalo halikosi: "Betri yangu ya sola ni ya mwaka juzi tu, lakini siku hizi ikifika saa 2 usiku taa zimezima. Ninunue nyingine?" Hewani hujibu kwa dakika chache, na namba hazikai kichwani kwa kusikia mara moja. Tumeziandika hapa ili uzisome ukiwa umesimama mbele ya betri yako, simu mkononi.

Jibu fupi ni kwamba usinunue bado. Betri ni pesa ya mbuzi, wakati mwingine mbuzi kadhaa, na wengi hununua mpya, wakaiunganisha pale pale, kisha baada ya miezi michache wakarudi kwenye kibatari. Mpya imeuawa na kitu kilekile kilichoua ya kwanza.

Tunazungumzia betri za risasi na asidi za volti 12, zile nzito zinazowekwa pembeni ya sebule. Mfaransa Gaston Planté ndiye aliyeitengeneza ya kwanza mwaka 1859, na ndani yake mambo hayajabadilika sana: bamba za risasi zilizozama kwenye asidi, katika vyumba sita, kila chumba kikitoa volti 2 na kidogo. Kama una kile kiboksi kidogo cha kulipia kidogo kidogo kwa simu, ndani yake kwa kawaida kuna betri ya lithiamu. Hiyo usiifungue kabisa, irudishe kwa waliokuuzia.

Anza na hesabu

Tuchukue nyumba yenye betri ya ampea-saa 50. Zidisha 50 kwa volti 12, unapata wati-saa 600. Lakini betri ya risasi haitakiwi kukamuliwa yote. Ukitaka idumu, tumia nusu tu, yaani 300. Sasa tuone usiku mmoja. Televisheni ya wati 30 kwa saa 5 ni 150. Taa nne za wati 5 kwa saa 5 ni 100. Simu tatu, kila moja kama 10, ni 30. Jumla 280. Betri inatosha, na fundi aliyekufungia hakukosea hapo.

Tatizo liko juu ya bati. Paneli ni ya wati 50. Ikipata saa 5 za jua kali, kwa karatasi inaleta 250. Ila joto la paneli, vumbi, urefu wa waya na betri yenyewe vyote hula sehemu yao, na kinachofika kwenye taa ni kama 175. Umetumia 280, umepata 175. Kila siku unadaiwa 105, na siku ya tatu betri iko chini kabisa. Hapo hatujasema lolote kuhusu masika.

Betri inayolala na njaa wiki baada ya wiki huharibika kwa namna moja. Unapotumia umeme, bamba hupakwa utando wa chumvi ya risasi. Ukichaji hadi ikajaa, utando unayeyuka. Usipoijaza, utando unakomaa kuwa chembe ngumu nyeupe, na sehemu hiyo ya bamba haifanyi kazi tena. Betri ya ampea-saa 50 inageuka kuwa ya 20, huku kwa nje inang'aa kama siku uliyoinunua.

Kwa hiyo jiulize: betri yako inajaa upesi na kuisha upesi, au haijai kabisa? Ikionyesha imejaa saa 4 asubuhi na jioni ikazima mapema, bamba zimeshakomaa utando na uwezo umepungua. Ikiwa haijai hata siku ya jua kali, usiilaumu betri kwanza. Angalia paneli, waya, kontrola na matumizi yako. Na kama unatumia inveta, kumbuka nayo hula umeme hata ukiwa hujachomeka kitu. Izime unapolala.

Juu ya bati na kwenye waya

Panda asubuhi kabla bati halijapata moto. Futa paneli kwa maji na kitambaa laini. Halafu tazama kivuli. Mwembe uliokuwa mdogo mwaka ulipofunga sola huenda leo unafunika kona saa 9 alasiri, na kivuli kidogo kwenye kona huangusha umeme wa paneli nzima kuliko ukubwa wake unavyoonekana. Kwetu tulio kusini mwa ikweta paneli itazame kaskazini, ikiinama kidogo ili mvua iioshe.

Shuka, shika vichwa vya betri. Ukiona ungaunga mweupe au wa kijani, hapo umeme unakwama. Zima vyote, ondoa waya wa paneli kwanza, kisha wa matumizi, mwisho wa betri ukianza na hasi. Sugua vichwa kwa maji yaliyochanganywa na magadi soda, vifuniko vikiwa vimefungwa ili tone lisiingie ndani. Suuza, kausha, kaza, paka grisi au mafuta mazito ya mgando. Unaporudisha, betri iwe ya kwanza kuunganishwa kwenye kontrola na paneli iwe ya mwisho. Waya ukipata moto wakati wa matumizi ni mwembamba mno au umelegea mahali.

Kontrola ndiyo tunayoigombea kila siku. Kazi yake mojawapo ni kukata umeme betri inapofika chini sana, nyingi zikikata karibu na volti 11. Watu huudhika mpira ukikatika dakika ya 80, wakachukua waya wa televisheni na kuupachika moja kwa moja kwenye betri. Mpira unaisha vizuri. Betri ndiyo inayolipa, na ukirudia hivyo mara kwa mara huna haja ya kusoma sehemu inayofuata.

Kipimo cha alfajiri

Utahitaji mita. Huna? Fundi simu wa senta yoyote anayo. Zungusha kitufe hadi kwenye volti za umeme mnyoofu, namba 20. Ncha nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi.

Mchana paneli ikiwa inachaji, mita itaonyesha 13 hadi 14 na zaidi. Hiyo ni nguvu ya chaji, haikuambii hali ya betri, na hapo ndipo wauzaji wa betri chakavu huwashika watu. Fanya hivi: siku moja yenye jua, iache ichaji kutwa bila kutumia kitu. Jua likizama ondoa waya wote. Ilale. Saa 12 asubuhi, kabla jua halijagusa bati, pima.

Ukisoma 12.6 hadi 12.8, imejaa. Karibu na 12.2 ni nusu. Chini ya 12 ni tupu, ingawa jana ilichaji kutwa. Ukikuta kama 10.5, chumba kimoja kati ya sita kimekufa, kwa sababu zimepungua volti 2 za chumba kizima, na hakuna chaji itakayokifufua.

Namba nzuri ya alfajiri bado haitoshi. Rudisha waya, washa televisheni na taa zote, na uiangalie mita ikiwa kwenye betri. Betri nzima hushuka kidogo kisha hutulia. Ikianguka chini ya 12 ndani ya dakika chache na kuendelea kushuka, ilikuwa na volti lakini haina akiba, kama debe lililojaa pomoni kumbe nusu yake ni mawe.

Wenye betri mbili zilizoungwa kupata volti 24, kama zahanati na shule nyingi, wapime kila moja peke yake. Vile vigari vya umeme vya kwenye viwanja vya gofu hutumia betri za ukoo huuhuu, labda sita za volti 8 zikiwa mstari mmoja kufikisha 48, na mafundi wake hufanya vivyo hivyo: moja ikichoka inazivuta zote chini, na kwa jumla utadhani zote zimekufa. Ila ukibadilisha moja tu kwenye kundi lililozeeka, mpya itazeeka haraka. Kama wenzake ni wa miaka mingi, ni bora kubadilisha zote.

Maji

Kama betri yako ina vizibo sita juu, inahitaji kukaguliwa kila mwezi. Usiwashe kibatari wala kiberiti kuchungulia, kwani betri inayochaji hutoa hewa ya haidrojeni inayolipuka. Tumia tochi, fungua madirisha, vua pete na bangili za chuma, na vaa miwani ukiwa nayo. Asidi ikikurukia, mwagia maji mengi safi kwa robo saa nzima. Ikiingia jichoni, osha hivyo hivyo kisha nenda hospitali.

Bamba zinatakiwa kuzama. Zikiwa wazi, tia maji kiasi cha kuzifunika tu, chaji hadi ijae, ndipo uongeze mpaka kwenye alama. Ukijaza kabla ya kuchaji, itafurika asidi sakafuni. Maji ya kisima, ya bomba na hata ya chupa ya kunywa yana madini yanayoharibu bamba. Nunua maji ya betri dukani kwa vipuri, na usome chupa vizuri, maana asidi nayo huuzwa kwenye chupa zinazofanana. Kinachopungua ndani ni maji, asidi haiendi popote, kwa hiyo asidi haiongezwi.

Mwenye kipimo cha kuvuta maji ya betri apime kila chumba: 1.265 au zaidi imejaa, karibu 1.20 ni nusu. Chumba kimoja kikipishana na wenzake kwa zaidi ya 0.05, hicho ndicho mgonjwa.

Wako wanaotia chumvi, magadi, hata vidonge vya maumivu kwenye vizibo. Magadi huua asidi ambayo betri inaihitaji, na chumvi hula bamba na kutoa hewa ya sumu. Tumezoea pia kuanika betri za tochi juani zikazinduka kidogo. Hii usiianike: kwa wastani, kila nyuzi 10 za joto juu ya 25 hupunguza umri wake kwa karibu nusu. Iweke mahali penye kivuli na hewa. Kuhusu kuikataza kukaa kwenye sakafu ya saruji, za siku hizi zina ganda la plastiki, sakafu haiwezi kuzifanya kitu.

Ikishakufa

Ndani bado kuna kilo kadhaa za risasi, na risasi ina bei, kwa hiyo muulize muuza betri mpya akupunguzie ukimrudishia ya zamani. Usimwage asidi shambani na usiruhusu mtu aivunje uani kuyeyusha risasi. Katika mtaa wa Owino Uhuru huko Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu kilisababisha watoto na watu wazima kuugua sumu ya risasi. Phyllis Omido aliyeongoza wakazi kupigania haki alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na Julai 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mtoto mdogo ndiye anayedhurika zaidi, ubongo wake ukiwa bado unakua.

Ukiipeleka senta kwa bodaboda, isimame wima, vizibo vimefungwa, vichwa vimefunikwa kwa kipande cha mpira wa tairi ya baiskeli, na isipakatwe mapajani.