Uzio au Utengaji?

Istilahi iliyotafsiriwa bila kuchunguzwa historia yake humpotosha mtumiaji. Mfano mmoja ni neno la Kiingereza lenye maana ya kuweka uzio, litumikalo katika makundi ya kompyuta zinazosaidiana kazi. Kila kompyuta ya kundi huitwa nodi.

Mwaka 1983 kampuni ya Digital ya Marekani ilitangaza mfumo wa VAXcluster, ambamo kompyuta kadhaa zilitumia diski zile zile. Nodi zilipewa kura. Sehemu iliyokosa kura za kutosha ilisimamisha kazi yenyewe. Baadaye mradi wa Linux-HA ulifuata njia kali zaidi, STONITH, herufi za mwanzo za maneno yasemayo: mpige risasi mwenzako kichwani. Maana nodi iliyonyamaza si lazima iwe imekufa. Ikizinduka na kuandika katika diski iliyokwisha kuchukuliwa na nyingine, data yaweza kuharibika. Hivyo huzimwa kwanza, ndipo kazi yake ichukuliwe.

Siku hizi nodi nyingi ni kompyuta pepe, zisizo na swichi ya umeme. Amri hupelekwa kwa kompyuta mwenyeji, nayo humzima mgeni wake na kuthibitisha. Pasipo uthibitisho, kazi haichukuliwi.

Basi "uzio" haufai. Uzio husimama tu, na fundi aweza kudhani kinga ipo tayari. Twapendekeza "utengaji": mgonjwa anayeshukiwa hutengwa kabla ugonjwa haujathibitika, ili wengine wasalimike.