Mtutu Laini na Mtutu wa Mifuo: Tarehe ya Bunduki Bondeni

Kabla ya bunduki, chuma cha Bondeni, yaani uwanda wa Kyela na jirani zake, kilishuka kutoka mlimani. Wakinga wa Milima ya Livingstone walifua majembe na mikuki, wakateremka nayo hadi uwandani Kyela kubadilishana na vyakula vya Wanyakyusa. Mkuki ulimtosha nguruwe pori, hata kiboko, alimradi wawindaji wawe wengi. Bunduki haikuja kwa ajili ya mawindo ya namna hiyo. Ilikuja na biashara ya pembe na watumwa.

Ilianza kunguruma ng'ambo ya Mto Songwe. Mlozi, mfanyabiashara wa Kiswahili, alikuwa amejenga boma karibu na Karonga, na Oktoba 1887 watu wake wakawavamia Wangonde pale Kambwe, wakachoma matete waliyojificha ndani yake. Walionusurika walitawanyika, wengine wakakimbilia kaskazini. Silaha iliyotawala vita hivyo ilikuwa gobori: baruti humiminwa mdomoni, hushindiliwa kwa mdeki, risasi hufuata, kisha gumegume au fataki huwasha. Kasiba yake ni laini ndani, na risasi haiikazi, basi hutoka ikigongagonga kuta na kwenda inakotaka. Frederick Lugard, yule aliyekuja kujulikana Uganda na Nigeria, alijeruhiwa Juni 1888 akivamia boma la Kopakopa, mwenzake Mlozi. Kwa adui aliyefika ukutani, gobori halihitaji shabaha.

Shabaha huletwa na mifuo, yaani michirizi iliyosokotwa ndani ya mtutu. Risasi huikaba michirizi hiyo, ikazunguka, na kwa kuzunguka ikanyooka safari yake. Wazungu walilijua hilo vizuri sana. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890, uliotungwa kwa jina la kukomesha utumwa, ulizuia silaha katika Afrika yote kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini. Bunduki za gumegume zisizo na mifuo, pamoja na baruti ya kawaida, zingeweza kuruhusiwa. Za mifuo zilibaki kwa dola, askari wake na wachache wenye kibali. Mimi nausoma mkataba huo kama sheria ya shabaha: Mwafrika apige kelele, mtawala apige alama.

Bondeni iliuonja ukweli huo mapema. Wajerumani walijenga Langenburg ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kisha wakahamia Tukuyu na kuiita Neu-Langenburg. Mwaka 1897 Wanyakyusa waliowainukia walikuwa na mikuki, na haikufua dafu. Askari wa Kijerumani walibeba Mauser ya 1871, ya milimita 11, inayotia risasi moja moja na kutoa moshi unaomfichua mpigaji. Ilikuwa imepitwa na wakati huko Ulaya, lakini kombania nyingi za askari ziliingia nayo vita vya 1914, mwaka ambao Wajerumani walivuka Songwe na kushindwa Karonga tarehe 9 Septemba. Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey wa Uingereza yakaingia. Wazee husimulia kwamba Wajerumani walizitupa silaha zao katika Ziwa Kisiba, pale Masoko. Mimi nisingezamia.

Iliyobaki mikononi mwa wawindaji wa Afrika Mashariki ni Mauser ya 1898, au tuseme mtambo wake wa komeo, maana mtutu hufa mtambo ukiwa mzima. Mwaka 1905 Otto Bock, fundi wa Berlin, alitengeneza risasi ya 9.3×62 ili iingie katika mtambo huohuo, ikiwalenga walowezi wa Afrika. Waingereza nao waliufungia mitutu ya .404 ya Jeffery, bunduki iliyozoeleka kwa askari wa wanyamapori wa Tanganyika waliotumwa kulinda mashamba. Katika nchi ya mpunga iliyokatwa na Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, kazi hiyo si mchezo. Kiboko aliyejeruhiwa vibaya hurudi majini na hasira yake, na kesho yake mwanamke anakwenda kuchota maji palepale.

Mtutu huuliwa na mambo mawili. Moto wa baruti hula mifuo karibu na chemba. Pili ni chumvi: fataki za zamani ziliacha chumvi inayovuta unyevu, na Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa nchini Tanzania. Usipoosha kwa maji ya moto siku ileile, kutu inaingia. Chomoa komeo, elekeza mtutu kwenye mwanga, chungulia: mtutu mzima hung'aa na michirizi yake ina kingo kali, uliokufa una mashimo kama uso wa aliyeugua ndui. Fundi huchukua pia risasi isiyofyatuliwa na kuichomeka kichwa mdomoni mwa mtutu. Ikizama mpaka kwenye ganda, mifuo ya mdomoni nayo imekwisha.

Kubadilisha mtutu ni kazi ya mashine na geji. Mtutu wa zamani hubanwa kwenye jiliwa na mtambo ukafunguliwa kwa kuzungushwa. Mpya huchongwa nyuzi na chemba mpaka ukae sawasawa ndani ya mtambo. Hapo ndipo fundi hutambulikana. Ana geji mbili: komeo lazima lifunge juu ya ya kwanza na ligome juu ya ya pili. Likifunga juu ya zote, ganda linaweza kupasuka na gesi ikamrudia mpigaji usoni. Baada ya hapo ndipo vilengeo hurekebishwa na shabaha hupimwa.

Kuna wanaochukua njia ya mkato ya gobori la bomba la chuma, lakini bomba halikutengenezwa kubeba mgandamizo wa baruti, na hupasuka. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu asiye na leseni kutengeneza silaha wala kuikarabati. Kama babu aliacha Mauser darini, ipeleke polisi kwanza ikatambuliwe na kusajiliwa. Fundi mwenye leseni atafuata, na aanze na mtutu.